Bao, Baraza na Nyumba: Nani Ana Haki ya Kupumzika?

Mwisho wa mwaka ukifika, Wapare hurudi nyumbani. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam na Arusha hushusha watu Same mjini, penye joto na vumbi, na kutoka hapo magari madogo huanza kupanda kuelekea Vudee, Chome na Mbaga, huku wengine wakishukia Makanya ili wapande Suji. Kwa muda wa wiki mbili hivi, nyumba ambazo mwaka mzima hukaliwa na wazee wawili na mbuzi wachache hujaa watu wa vizazi vitatu au vinne. Katika mapumziko ya namna hiyo, mpwa wangu mwenye umri wa miaka kumi na mmoja alipanda darini kutafuta kitu kingine, akashuka na bao la marehemu babu yake. Lilikuwa limeliwa na wadudu pembeni, lakini mashimo yake yote thelathini na mawili yalikuwa mazima.

Tulilifuta vumbi, tukaokota kokoto za kutosha, maana kete zake zilikuwa zimepotea zamani, na mimi nikajitwika kazi ya ualimu. Baada ya dakika chache mtoto akauliza swali ambalo sikulitarajia. Alimgeukia mama yangu, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni pa jiko, akasema, "Bibi, mbona wewe huji kutufundisha? Bao hili lilikuwa humu ndani siku zote." Mama hakuinua kichwa. Akajibu, "Mjukuu wangu, ningejifunza lini?"

Nimeandika makala nyingi kuhusu historia ya nchi hii, lakini sentensi ile ya maneno manne imenisumbua kuliko vitabu vingi. Haikuwa malalamiko, bali ilikuwa taarifa. Ndani yake mna swali la kisiasa ambalo leo ningependa tulitafakari pamoja: katika jamii zetu, nani amekuwa na haki ya kucheza, nani amenyimwa, na nani alikata shauri kwamba iwe hivyo?

Bao lenyewe

Kwa wale waliokulia mjini na wanalijua bao kwa jina tu, nieleze kwa ufupi. Bao la Kiswahili lina safu nne zenye mashimo manane kila moja. Kila mchezaji anamiliki safu mbili. Kete ni sitini na nne, na kiasili ni mbegu za mkomwe, ngumu na laini kwa kushika. Mchezo huanza kwa kila mmoja kuwa na kete kumi ubaoni na ishirini na mbili mkononi. Kati ya zile kumi, sita hukaa katika shimo moja ambalo mara nyingi huchongwa mraba ili litofautiane na mengine. Shimo hilo huitwa nyumba. Hatua ya kwanza ni ya kunamua, ambapo kila mmoja huingiza kete moja moja kutoka mkononi. Kete za mkononi zikiisha, huingia hatua ya mtaji, ambapo kete zilizoko ubaoni ndizo zinazozungushwa. Anayeishiwa kete katika safu yake ya mbele ameshindwa. Watoto huanza na bao la kujifunza, lenye kete mbili mbili katika kila shimo tangu mwanzo, ambalo laweza kuchezwa hata katika vishimo vilivyochimbwa mchangani.

Mambo mawili katika kanuni hizi yanastahili kuangaliwa na mwanafunzi wa siasa. La kwanza ni kwamba hakuna kinachofichwa. Hakuna dadu ya bahati wala karata iliyogeuzwa uso. Kila kete ya mwenzako unaiona, naye anaziona zako, isipokuwa hesabu iliyomo kichwani mwa kila mmoja. La pili ni kwamba kete iliyoliwa haitupwi nje. Katika michezo mingi ya jamii hii barani Afrika, kilicholiwa huwekwa akiba na hakirudi tena. Katika bao letu, anayekula huzipanda kete hizo upande wake, nazo kesho zaweza kuliwa na kurudi zilikotoka. Kete sitini na nne zilizoanza ndizo zinazomaliza. Aliye chini sana bado anaweza kuinuka, na aliye juu hana hakika mpaka mwisho.

Umri wa michezo ya namna hii ni mkubwa. Huko Hyrax Hill karibu na Nakuru, mahali ambapo Mary Leakey alifanya uchimbaji wa kiakiolojia mwaka 1937 na 1938, yapo mashimo ya mchezo huo yaliyochongwa katika mwamba. Ukielekea kusini utaukuta Malawi kwa jina la bawo. Ukienda magharibi mwa bara utakuta ndugu zake wa safu mbili. Mwaka 1995, mtafiti Alex de Voogt alichapisha huko Uholanzi uchunguzi wake kuhusu mabingwa wa bao wa Zanzibar na uwezo wao wa kukokotoa kichwani mizunguko mirefu ya kete. Watu waliokuwa wakionekana vijiweni kama wazee wasio na kazi wakawa mada ya tasnifu ya chuo kikuu kuhusu mipaka ya akili ya binadamu.

Lugha yetu yenyewe inashuhudia jinsi bao lilivyoingia katika fikra. Mtangazaji wa mpira anaposema timu imepata bao la pili, anatumia neno la ubao ule ule. Tunasema fulani kampiga mwenzake bao, tukimaanisha amemshinda kwa maarifa. Hata mganga anayetazama mambo yaliyofichika huambiwa anapiga bao. Ushindi, werevu na siri ya kesho, vyote tumevipa jina la kipande cha mti chenye mashimo.

Hata hivyo, ni kejeli ya historia kwamba shimo muhimu kuliko yote huitwa nyumba, na kwa vizazi vingi mwanamume alitoka nyumbani kwake kwenda barazani ili ailinde nyumba ya ubaoni, huku nyumba ya kweli ikilindwa na mtu ambaye hakupata hata muda wa kujua kanuni.

Milima yenye zamu

Sisi Wapare tunataniwa, hasa na jirani zetu Wachagga, kwamba tupo tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Mimi huupokea utani huo kwa fahari kidogo. Una maana kwamba tunajali kanuni kuliko thamani ya kitu. Na anayeifahamu historia ya milima hii ataona kwamba kujali kanuni hakukuanza mahakamani.

Marehemu Profesa Isaria Kimambo, aliyeandika historia ya siasa ya Wapare iliyochapishwa mwaka 1969, alionyesha kwamba huko Ugweno, kaskazini mwa milima, kulikuwa na dola iliyojengwa juu ya ufundi wa chuma, mabaraza na jando la msituni lililoitwa mshitu. Ujuzi wa kuwa mtu mzima ulifundishwa mahali maalumu, kwa wakati maalumu, na kwa jinsia maalumu. Kwa upande wa kusini, mzoefu wa Vudee au Mbaga anajua ndiva, yale mabwawa madogo ya kukusanya maji ya kijito usiku ili asubuhi yafunguliwe yateremke kwenye mifereji hadi mashambani. Ndiva hudumu kwa sababu ya mambo mawili: msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuizibua na kuitengeneza, na zamu. Leo maji ni ya mtaa huu, kesho ni ya mtaa ule. Anayeiba zamu amevunja jambo kubwa kuliko tuta la shamba.

Sisemi kwamba bao lilizaliwa na ndiva. Ninasema kwamba jamii iliyokaa juu ya mlima kwa kuhesabu zamu ilikuwa na kila sababu ya kuuthamini mchezo ambao kiini chake ni zamu, hesabu na uwazi. Mtoto anayekaa mbele ya ubao hujifunza kwanza si kushinda, bali kusubiri. Hujifunza kwamba mwenzake akiwa anacheza, mkono wake unapaswa kutulia. Katika nchi ambayo bado inajifunza kupokezana madaraka, hili si somo dogo.

Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na mwanzoni mwa ile ya ishirini, milima ilifunguliwa kwa nguvu. Misafara ya biashara ilikuwa tayari inapita bondeni, na Kiswahili kikapita nayo. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Shigatini mwaka 1900, nao Waadventista wa Sabato wakaingia Upare wa kusini mwaka 1903. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ikipita tambarare ya Same. Pamoja na misa, shule na kahawa, likaja pia wazo jipya: kwamba muda ni mali inayoweza kupotezwa, na kwamba mchezo usio na faida ni mlango wa uvivu, au wa dhambi.

Wazo hili halikuwa na sura moja. Ellen White, mwandishi mwasisi wa Waadventista, alikuwa ameandika huko Marekani dhidi ya karata, sataranji na michezo ya ubao kama hiyo, na maandishi yake yalikuwa na uzito popote kanisa hilo lilipofika, ikiwamo milima yetu. Kwa hiyo zilikuwapo familia za Upare ambamo ubao wa mchezo haukuingia kabisa, na majirani zao ambamo ulikuwapo. Sipendi kuwabeza wazee wale wa kanisa. Waliona karata zikiandamana na pombe na kamari, wakaona mwanamume anayerudi usiku bila fedha wala maneno ya maana. Walichokataa kilikuwa na madhara ya kweli. Lakini katika kukataa hivyo, hakuna aliyeuliza swali la pili: kama baraza ni mahali pabaya pa kuchezea, je, sebuleni au uani, pamoja na mke na watoto, pangekuwaje?

Mwaka 1945 na hesabu ya gizani

Nilisema kwamba katika bao hakuna kinachofichwa. Katika historia ya Same kuna tukio linaloonyesha jinsi jambo hilo lilivyokuwa na uzito kwa watu wetu. Miaka ya mwanzo ya 1940, serikali ya kikoloni ya Waingereza na machifu ilileta kodi mpya iliyopewa jina la kimila, mbiru. Haikuwa kodi ya kiwango kimoja kwa wote, bali ilitegemea makisio ya mali na kipato cha kila mtu. Katika karatasi, wazo hilo lilionekana la haki: mwenye nacho alipe zaidi. Katika maisha, lilimpa mkisiaji uwezo wa kuhesabu mali ya jirani kwa namna ambayo jirani hakuiona wala kuikubali.

Januari 1945, maelfu ya watu walishuka kutoka milimani wakakusanyika Same, makao makuu ya wilaya, kupinga kodi hiyo. Mvutano uliendelea hadi mwaka uliofuata, na wanawake wa Usangi nao wakajitokeza hadharani kumkabili mkuu wa wilaya. Hatimaye mbiru iliondolewa. Kimambo aliliandikia tukio hilo kijitabu maalumu, na wanafunzi wangu hukisoma kama mfano wa upinzani wa wananchi kabla ya TANU haijazaliwa.

Mimi nataka mlione pia kwa jicho la leo. Wanawake wale wa Usangi hawakuwa na nafasi katika baraza la kila siku. Baraza lilikuwa la wanaume, na bao lilikuwa la baraza. Lakini siku ambapo hesabu ya nyumba zao ilipotoshwa, walijua kuhesabu vizuri kuliko mkisiaji. Walijua ni debe ngapi za nafaka, ni mbuzi wangapi, ni watoto wangapi. Ujuzi wa hesabu na ujasiri wa hadharani vilikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa muda na kiti.

Mwalimu na nusu ya maisha

Tulipopata uhuru, dola mpya ilitangaza kuurudishia utamaduni heshima yake. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alieleza jinsi wasomi wa kizazi chake walivyofunzwa kuona fahari ya kucheza dansi za Kizungu na kusahau ngoma zao, akatangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Ngoma ilipata kikundi cha taifa. Bao halikuhitaji jukwaa. Liliendelea chini ya miembe na katika vibaraza, na mpenzi wake mmoja maarufu alikuwa Mwalimu mwenyewe. Picha za Rais akiwa ameinamia ubao, mkono hewani, zinajulikana na Watanzania wengi.

Miaka minne baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha lilizungumza kuhusu kazi kwa ukali ambao tumeusahau. Azimio lilikiri kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa kumi na mbili au kumi na nne kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, na likasema kwamba wanaume wa vijijini huwa likizo kwa nusu ya maisha yao. Nguvu zinazopotea katika mazungumzo, ngoma na pombe zilihesabiwa kuwa hazina iliyolala.

Wako wanaodhani kuna mgongano kati ya Nyerere mcheza bao na Nyerere wa Azimio. Mimi sioni mgongano katika kucheza na kufanya kazi; hata mkulima hodari hukaa kivulini jua likiwa utosini. Mgongano ninaouona uko kwingine. Azimio lilitambua kwamba upande mmoja una saa kumi na nne za kazi na upande mwingine una nusu ya maisha ya mapumziko. Tiba iliyopendekezwa ilikuwa kumwamsha mwanamume afanye kazi. Tiba ambayo haikutajwa ilikuwa kumkalisha mwanamke naye apumzike. Tulielewa kwamba jasho ligawanywe. Hatukufika mahali pa kusema kwamba mapumziko nayo ni mali ya kugawanywa.

Kutoka hapo, dola yetu imekuwa na mazoea ya kuutazama mchezo wa maskini kwa shaka. Mwaka 1983 Sheria ya Nguvu Kazi ilipotungwa, misako mijini iliwakamata walioitwa wazururaji na kuwapeleka vijijini. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwataka wakuu wa mikoa wahakikishe vijana wanafanya kazi badala ya kucheza pool asubuhi. Nia haikuwa mbaya. Nchi haijengwi kwa kukaa. Lakini, ndugu msomaji, umewahi kusikia msako wa wacheza gofu siku ya Jumatano? Mapumziko ya mwenye nacho huitwa afya, na ya asiye nacho huitwa uzururaji. Na mapumziko ya mwanamke wa kijijini hayana jina, kwa sababu hayajawahi kuonekana.

Ubao umebadilika, swali halijabadilika

Leo ukipita Same mjini alasiri utakuta drafti inachezwa kwa vizibo vya soda juu ya mbao iliyochorwa kwa mkono, na ludo chini ya kioo chenye kingo zilizochakaa. Wanaocheza ni wanaume, wengi wao madereva wa bodaboda wanaosubiri abiria. Hatua chache kutoka hapo utakuta vijana wamesimama na simu, kila mmoja peke yake, wakihakiki mikeka yao. Tangu Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ilipounda bodi ya kuisimamia, na hasa baada ya simu kuwa benki, kubeti kumekuwa mchezo unaotangazwa kuliko wowote. Linganisha na bao. Katika bao mpinzani wako ana sura na jina, na kesho mtasalimiana. Katika mkeka mpinzani wako ni hesabu usiyoiona, iliyopangwa na mtu usiyemjua, na kete iliyoliwa hairudi kamwe. Nikiufikiria mkeka, naikumbuka mbiru.

Wapo watakaosema, "Mwalimu, turudi kwenye mila, familia zicheze bao kama zamani." Hapo ndipo ninapolazimika kupinga, japo kauli hiyo inaonekana kuwa upande wangu. Familia haikucheza bao pamoja zamani, walau si kama tunavyopenda kukumbuka. Wazee wa kiume walicheza na wazee wa kiume. Watoto walicheza lao mchangani. Wanawake walikuwa kisimani, shambani na jikoni. Kuliweka bao katikati ya baba, mama, binti na bibi si kurudi popote. Ni jambo jipya, na kama kila jambo jipya, lina gharama. Gharama yake ni kwamba mtu mwingine achambue maharage.

Ndiyo maana suala hili si la mapenzi ya kifamilia tu. Ni suala la sera. Kwa miaka mingi, wanawake na wasichana wa tambarare ya Same walitumia sehemu kubwa ya siku yao kutafuta maji. Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochukua maji kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa mwaka 2025 baada ya kusubiriwa kwa zaidi ya muongo mmoja. Watumishi wa umma wataupima kwa lita na kwa idadi ya vituo, na ni sawa. Lakini naomba pawepo pia kipimo kingine: saa zilizookolewa zimekwenda wapi? Zimemrudia mwanamke mwenyewe, ama zimejazwa kazi nyingine kabla hazijapoa? Mpango wa maendeleo unaompa mwanamke bomba na kumwongezea shamba umebadilisha mzigo, haujaupunguza.

Najua pingamizi litakalokuja. Wapo watoto wasio na madawati, zahanati zisizo na dawa, vijana wasio na ajira. Nawe mhadhiri unaandika kuhusu mchezo! Nalikubali pingamizi hilo kwa nusu. Hakuna anayeshiba kwa kete. Lakini haki hazipangwi foleni kwa namna ya kwamba furaha ingoje hadi maskini atajirike. Mtoto wa mlimani ana umri wa miaka kumi na mmoja mwaka huu tu. Tukimwambia angoje hadi takwimu zipendeze, atakuwa amekua, naye atajibu mjukuu wake kwa maneno yale yale manne.

Kwa wanafunzi wangu nasema: mnapotafiti historia ya kazi, tafiteni pia historia ya kupumzika, kaeni na bibi zenu, muwaulize siku yao ilianza saa ngapi na iliisha saa ngapi. Kwa wanaharakati nasema: dai la usawa lisiishie katika idadi ya viti vya baraza la madiwani, lifike kwenye mkeka wa uani. Kwa watumishi wa umma nasema: mnapokutana na watu wamekaa kivulini, kabla ya kuuliza kwa nini hawafanyi kazi, ulizeni ni nani hayupo pale kivulini, na yuko wapi.

Jioni ile mlimani, ndugu zangu wawili na mimi tuliingia jikoni. Maharage yalichambuliwa, ingawa si kwa ustadi, na wali ukashika chini kidogo. Nje, mpwa wangu alimkalisha bibi yake mbele ya ubao, akaanza kumweleza kichwa ni wapi, kimbi ni wapi na nyumba ni ipi. Mama alisikiliza kwa utulivu wa mtu aliyezoea kuhesabu kila kitu. Katika mchezo wa tatu alikula kete ambazo mtoto hakuziona zikija, akazipanda moja moja upande wake bila haraka. Kisha akauliza kama tumekumbuka kutia chumvi.

Bado hakuwa amepumzika kabisa. Lakini alikuwa amekaa, na ilikuwa zamu yake.